Usiku wa Namba 17 Pale Chavez Ravine

Little Tokyo, kitongoji cha Wajapani katikati ya jiji la Los Angeles, kuna hoteli ambayo ubavu wake mmoja mzima ni picha ya mtu. Picha hiyo ina kimo kinachozidi mita 40, na mtu mwenyewe ni Shohei Ohtani: hapa anapiga mpira kwa gongo, pale anarusha. Mchoraji ni Robert Vargas, mzaliwa wa Boyle Heights, ng'ambo ya mto. Aliimaliza Machi 2024, kabla Ohtani hajacheza mechi ya ligi hata moja mbele ya mashabiki wake wapya wa nyumbani. Walimtundika ukutani kwanza, kazi yake wakaja kuiona baadaye.

Ijumaa ya tarehe 17 Oktoba 2025, mnamo saa nne asubuhi, nilikuta kundi la wazee kutoka Japani wamesimama upande wa pili wa barabara, wanapokezana simu ili kila mmoja apigwe picha na ukuta ule nyuma yake. Kiongozi wao alikuwa na kibendera mkononi na subira ya mwalimu wa chekechea. Mzee mmoja alivaa jezi mpya ya Dodgers, nyeupe yenye maandishi ya buluu na namba 17 ya Ohtani mgongoni, na karatasi ya bei bado ilikuwa inaning'inia kwapani. Shemeji akamwonyesha kwa ishara. Mzee akacheka mpaka miwani ikamteleza, akaikata karatasi kwa meno, akaitia mfukoni.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu, mtu wa Tanga, dereva wa malori yanayotoa makontena bandari ya Long Beach. Aliondoka nyumbani akiwa Simba damu. Siku hizi Simba anaiulizia matokeo tu, lakini ya Dodgers anayajua yote, mpaka mchezaji gani kateguka kifundo cha mguu na atapona lini. Mimi nilikwenda Marekani kumsalimia mdogo wangu, besiboli haikuwemo kwenye ratiba. Lakini tajiri wake shemeji ana tiketi za msimu mzima, na wiki ile alikuwa amesafiri kwenda msibani Texas. Tiketi mbili na kibali cha kuegesha gari vikabaki kwa dereva wake. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa na zamu ya jioni. Nikabaki mimi.

"Shemeji," aliniambia tukiwa tunatafuta chai, "leo anarusha na kupiga. Siku moja. Mtu mmoja."

Sikuona ajabu yake, na nadhani wengi wa kwetu wasingeiona. Kwenye besiboli ya kulipwa kazi hizi mbili zimetengana kwa muda mrefu sana. Mrushaji anasimama juu ya kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja na kazi yake ni kumshinda mpigaji; mpira wake unakwenda kilomita 150 kwa saa na zaidi, na bega na kiwiko chake vinahitaji siku kadhaa za kupumzika kila anapomaliza. Mpigaji naye anashinda mazoezini akijifunza kusoma mpira huo ambao hautumii hata nusu sekunde kumfikia. Tangu Babe Ruth alipoachana na urushaji, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kubaki kuwa mpigaji, makocha wamekuwa wakiwaambia vijana wachague kimoja. Ohtani, aliyezaliwa mwaka 1994 katika mkoa wa Iwate, kaskazini mwa Japani, alikataa kuchagua. Klabu ya Fighters ya kisiwa cha Hokkaido ikamkubalia vyote viwili, akaanza nayo mwaka 2013. Mwaka 2018 akavuka bahari kwenda Angels, majirani wa Dodgers, na Desemba 2023 Dodgers wakamsajili kwa dola milioni 700 kwa miaka 10. Kati ya hizo, milioni 680 atalipwa baada ya mkataba kwisha. Shemeji ananisimulia hili kwa heshima ya mtu anayedai posho yake ya mwezi uliopita.

Mwaka 2024 kiwiko kilikuwa kimefanyiwa upasuaji, hakurusha kabisa. Akapiga homurani 54, yaani mapigo yanayovuka ukuta wa uwanja, na kuiba vituo 59, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila mpira kupigwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulikaribia. Alirudi kwenye kilima Juni 2025.

Lakini Oktoba ile gongo lilikuwa limemgomea. Katika raundi iliyotangulia, dhidi ya Phillies, alijaribu mara 18 akapata pigo moja tu. Kwenye kituo cha mafuta, kwenye foleni ya kahawa, redioni, nilisikia watu wakimjadili kwa sauti ya chini, namna tunavyomjadili mtoto wa ndugu aliyeanza kutoroka shule. Dodgers walikuwa wanaongoza mechi tatu kwa bila dhidi ya Milwaukee Brewers, timu iliyoshinda mechi 97 msimu huo kuliko nyingine yoyote, na walihitaji moja tu kwenda fainali, ile wanayoiita World Series. Walifika hapo bila msaada mkubwa wa mtu wao wa dola milioni 700.

Tulitoka mapema kwa sababu ya foleni. Kando ya Sunset Boulevard akina mama wa Kimexico walikuwa wamepanga majiko yao ya magurudumu, moshi na vitunguu vinanukia hadi ndani ya gari. Soseji zao huvingirishwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo shemeji alininunulia hindi. Hindi lenyewe zuri, bichi, tamu, ila linapakwa mayonezi, likanyunyiziwa jibini, kisha pilipili na ndimu. Pilipili na ndimu tulielewana. Mayonezi niliifuta na kitambaa muuzaji alipogeuka.

Uwanja uko kwenye bonde kati ya vilima, pale Chavez Ravine, na ulifunguliwa Aprili 1962. Kabla ya hapo palikuwa na vijiji vitatu vya Wamexico: La Loma, Palo Verde na Bishop. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jiji liliwaondoa watu likiahidi kujenga nyumba za bei nafuu. Nyumba hazikujengwa. Klabu ya Dodgers ilipohama kutoka Brooklyn, ardhi hiyo ikaishia kwake, na familia za mwisho zilitolewa kwa nguvu Mei 1959, wengine wakibebwa mikono na miguu mbele ya kamera. Tuliopita mashambani mwetu na kuona vibao vya mradi tunajua habari za namna hii hazihitaji tafsiri. Kwa miaka mingi Wamexico wengi wa mji huu waliukwepa uwanja huo. Aliyewarudisha ni kijana mnene kidogo kutoka kijiji cha Etchohuaquila, jimbo la Sonora, aitwaye Fernando Valenzuela. Mwaka 1981, akiwa hajui Kiingereza, alishinda tuzo ya mchezaji mpya bora na tuzo ya mrushaji bora katika msimu mmoja. Alifariki Oktoba 2024. Vargas, yule yule wa ukuta wa Ohtani, alimchora naye Boyle Heights.

Haya yote sikuyapata kitabuni. Nilisimuliwa na mama aliyekaa kulia kwangu, mwenye jezi namba 34 ya Valenzuela iliyopauka kwa kufuliwa, pamoja na mjukuu wake wa miaka kama minane. Shemeji anakijua Kihispania cha bandarini, mama anakijua Kiingereza cha jikoni, mimi nikachukua cha katikati. Alituambia kwamba hakukanyaga uwanjani tangu Juni. Juni ile maofisa wa uhamiaji walikuwa wanakamata watu kwenye maegesho ya maduka na sehemu za kuoshea magari mji mzima, na askari wa akiba wakaletwa. Klabu ilipokaa kimya, mashabiki wake Walatino, ambao ni wengi mno, waliisema wazi. Baadaye ikatangaza dola milioni 1 za kusaidia familia za wahamiaji. Mama hakuridhika na hiyo milioni. "Nimerudi kwa ajili ya huyu," alisema, akigonga namba kifuani mwake, "na yule," akaelekeza kidole chini uwanjani. "Wenye klabu hawanihusu."

Kushoto alikaa mke na mume kutoka Sapporo, wazee waliovaa kofia zinazofanana. Mke hakuvaa 17. Alivaa jezi ya zamani ya Fighters, namba 11, aliyokuwa akiivaa Ohtani alipokuwa kijana wa Hokkaido. Watu waliokuwa wakipanda ngazi walisimama kuitazama na kumwinamia kidogo, na yeye akarudisha salamu kila mara bila kuchoka. Alikuwa na darubini shingoni na mfuko wa karatasi ambamo waliweka kila ganda, kila kikombe na kila kijiti walichomaliza kutumia. Kumbe hilo nalo lina mzizi: Ohtani akiwa sekondari aliandika kwenye jedwali malengo yake yote, na chini ya bahati akaweka kuokota taka. Mpaka leo akiona karatasi uwanjani huinama akaiokota.

Tulikaa juu kabisa, nyuma ya mpigaji. Mbele yetu minazi ile isiyozaa ya California, nyuma yake milima ya San Gabriel ikianza kubadilika rangi. Uwanja unachukua watu 56,000 na sikuona kiti kitupu. Saa kumi na moja na dakika 38 jioni mchezo ukaanza. Dar es Salaam ilikuwa saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi, watu wamelala. Sapporo ilikuwa asubuhi, na mama wa namba 11 alinionyesha simu: mwanawe alikuwa amemtumia picha ya meza ya kifungua kinywa na televisheni iliyowashwa.

Niseme ukweli kuhusu besiboli kwa mgeni: macho hayajui yatue wapi. Wachezaji wamesimama. Mtu anatema mbegu za alizeti. Mrushaji anatikisa kichwa kukataa jambo ambalo hujaliona. Nikaamua kuacha kuutazama mpira, nikawatazama majirani, maana wao ndio walijua lini kuna neno. Ikawa njia nzuri. Wakiendelea kula, hakuna kitu. Wakiacha kutafuna, kuna jambo. Wakisimama wote kwa pamoja, mpigaji amebakiza straiki moja, yaani kukosa mara moja tu, aondoke, na hapo uwanja mzima unapiga makofi ya mdundo mmoja, polepole, kisha haraka, kisha mkono wa mrushaji ukinyanyuka kunakuwa kimya cha kumeza mate.

Mpigaji wa kwanza wa Brewers alipewa kituo cha bure, na mama wa 34 akatamka neno ambalo mjukuu wake alizibwa masikio asilisikie. Kisha watatu waliofuata wakatolewa kwa straiki, mmoja baada ya mwingine: Chourio, Yelich, Contreras. Tulisimama, tukakaa, tukasimama. Mikono ilianza kuniuma kabla sijajua kanuni.

Ohtani akashuka kwenye kilima, akatoweka ndani. Dakika chache tu, akatoka na kofia ngumu, kinga za mkono na gongo, kwa sababu yeye pia ndiye mpigaji wa kwanza wa Dodgers. Mrushaji wa Brewers alikuwa José Quintana, mzoefu mwenye mkono wa kushoto. Kuna mlio mmoja ambao hata asiyejua mchezo anaujua: mkavu, mfupi, hauna mwangwi. Nilipougeukia mlio, mama wa 34 alikuwa ameshasimama na mikono juu. Mpira ulikwenda mita 136 na kuangukia kwenye majukwaa ya kulia. Katika historia yote ya ligi kuu, hakuna mrushaji aliyewahi kuifungulia timu yake mechi kwa homurani. Hilo liliandikwa kwenye skrini kubwa na nusu ya watu hawakulisoma, walikuwa wanarukaruka.

Wenzake waliongeza mabao mawili katika awamu hiyo hiyo, ikawa tatu bila. Mama wa Sapporo alifuta darubini kwa leso, akanipa. Nikamtafuta Ohtani. Nilimkuta anajifuta mikono kwa taulo, anakunywa maji, anachukua glavu. Kisha akapanda tena kilimani kufanya ile kazi nyingine.

Shemeji, ambaye mapenzi yake ni kufafanua, akanigeukia. "Ni kipa aliyedaka penalti halafu akafunga."

Mfano wake ulinisumbua. Kipa akifunga tunacheka, tunaitunza video. Hakuna aliyemwambia kipa kwa miaka 100 kwamba haiwezekani. Hapa watu walikuwa hawacheki. Nyuso za majirani zangu zilikuwa na kitu kama wasiwasi, kwamba wanaona kitu kizuri mno na kinaweza kukatika wakati wowote, kiwiko kile kimepasuliwa mara mbili. Kila alipojinyoosha bega baada ya kurusha, mume wa mama wa Sapporo alijinyoosha bega lake.

Awamu ya nne ndiyo iliyovunja adabu. Mrushaji sasa alikuwa Chad Patrick. Ohtani akaupiga mpira juu, upande wa kulia, na kutoka pale tulipokaa niliuona wote: ulipanda, ukavuka ukuta, ukavuka vichwa vya watu, ukavuka paa la jukwaa lenyewe, ukazama gizani nyuma yake. Mita 143. Zogo halikuja mara moja. Kwanza ulitoka mguno, watu zaidi ya 50,000 wakiguna pamoja, kisha mikono ikapanda vichwani. Hata wachezaji wenzake, tulivyowaona kwenye skrini, walishika vichwa kama watu waliopokea habari za ajabu kwa simu. Baada ya hapo ndipo uwanja ulipolipuka.

"Umekwenda wapi?" mjukuu aliuliza.

"Nyumbani," bibi yake akamjibu. "Umetutangulia."

Kuanzia hapo hakuna aliyekaa sawasawa. Kijana wa safu ya mbele alivua jezi yake akaizungusha hewani, mlinzi akamwambia aivae, akaivaa, mlinzi akampa tano. Bia ilitumwagikia mgongoni na aliyeimwaga aliomba radhi kwa lugha tatu. Wimbo wa "MVP", mchezaji bora, ulianzia upande wa mashariki, ukazunguka, ukatufikia, ukapita. Shemeji akiwa anaimba alikuwa anatuma ujumbe wa sauti kwa rafiki zake Tanga, na nina hakika hakuna aliyeelewa lolote isipokuwa kelele.

Hapo katikati, watu walipokuwa wanasubiri, mama wa 34 aliuliza tunatoka wapi. Tukamwambia. Akauliza nani wetu anayecheza huku. Shemeji alikuwa akilisubiri swali hili kwa miaka. Akamwambia kwamba mwaka 2022 Dodgers wenyewe waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, warushaji wote wawili. Kwamba timu ya watoto wa Lugazi ilifika mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania mwaka 2012. Kwamba aliyetangulia kutoka bara la Afrika kucheza ligi kuu ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mwaka 2017. Mimi nikaongezea kwamba Dar es Salaam kuna mashindano ya sekondari yanayoitwa Koshien, yamepewa jina la yale ya Japani, na Wajapani ndio walioyasaidia kuanza. Neno Koshien lilivuka kichwa changu hadi kwa wazee wa Sapporo. Mzee akageuka kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Koshien? Afrika?"

"Tanzania."

Alifikiri kidogo, akafungua mfuko wake, akatupa kila mmoja pipi ya maziwa.

Ohtani alirusha mipira 100. Aliwatoa wapigaji 10 kwa straiki, akaruhusu mapigo mawili tu, na alipoanza kuchoka mwanzoni mwa awamu ya saba, watu wawili wakiwa vituoni, kocha Dave Roberts alikwenda kumtoa. Roberts mwenyewe alizaliwa Okinawa, mama Mjapani na baba Mmarekani Mweusi. Uwanja ulisimama kumshangilia Ohtani wakati anatembea kuondoka, wengine wakaanza kukusanya vitu vyao, nami nikadhani kwake imekwisha. Alex Vesia akaingia na kuuzima moto.

Haikuwa imekwisha. Tangu mwaka 2022 kuna kanuni inayomruhusu mrushaji aliyeanza mechi, akitolewa kilimani, aendelee kuwa mpigaji. Kila mtu anaiita kanuni ya Ohtani, kwani hakuna mwingine iliyomfaa. Dakika chache baadaye tulimwona anachukua gongo tena. Kilimani Trevor Megill, jitu refu lenye mpira wa moto. Majirani wakaacha kutafuna. Mama wa Sapporo akaiweka darubini magotini.

Safari hii mpira ulikwenda kushoto kidogo ya katikati, mita 130, na sikuhitaji kumtazama mtu. Sijui nilianzaje. Nilijikuta nimesimama juu ya kiti, kidole mdomoni, napiga kigelegele, kile kirefu cha bibi harusi anapotolewa nje. Safu tatu za mbele ziligeuka. Kukawa na sekunde moja ya kunishangaa mtu mzima, mtandio umeanguka mabegani. Halafu mama wa 34 akavuta pumzi, akatupa kichwa nyuma na kutoa ule ukelele wa Kimexico unaopanda, unavunjika, unacheka katikati. Nikamjibu. Akanijibu. Kijana wa jezi akatupigia makofi ya mdundo. Mzee wa Sapporo, ambaye nilishamwona kuwa mtu wa kunyamaza, alikuwa amemkumbatia shemeji kiunoni, maana juu hakufika, na shemeji alikuwa anamnyanyua kutoka ardhini, anamshusha, anamnyanyua. Mkewe alikuwa analia bila kujificha, anapiga makofi madogo madogo karibu na kidevu.

Homurani tatu, wapigaji 10, mechi moja. Baadaye Roberts alisema huenda hakuna aliyewahi kucheza vizuri zaidi ya hivyo katika mechi za mtoano, na sijasikia aliyejitokeza kumpinga. Brewers walipata bao moja awamu ya nane, ambalo hatukulishughulikia. Mechi ikaisha tano kwa moja, Roki Sasaki, Mjapani mwingine, akifunga kazi. Ohtani akatangazwa mchezaji bora wa raundi hiyo, akazungumza kwa mkalimani. "Huyu ni mpya," shemeji alininong'oneza, "yule wa zamani yuko jela, alimwibia karibu dola milioni 17." Wiki mbili baadaye Dodgers waliifunga Toronto mechi ya saba, wakawa wa kwanza kutetea ubingwa tangu Yankees wa mwaka 2000. Mechi hiyo niliitazama kwa mdogo wangu sebuleni. Ilikuwa kali kuliko hii, watu wanaojua wanasema hivyo, ila mimi hii ndiyo yangu.

Wazee wa Sapporo waliondoka wa mwisho katika safu yetu, baada ya kuokota hata vikombe visivyokuwa vyao. Mjukuu aliwasaidia. Mama wa 34 alinikumbatia, akanitaka nimfundishe kigelegele, nikamwonyesha ulimi unavyokwenda. Alijaribu mara mbili tatu, akacheka, akasema atafanya mazoezi bafuni.

Maegesho ya uwanja ule huingia magari 16,000, na usiku ule yote yalitaka kutoka kwa wakati mmoja. Hakuna aliyekasirika. Honi zilikuwa zinaitikiana, watu wamekaa madirishani nusu mwili nje, bendera za buluu, mbwa aliyevalishwa namba 17, muziki wa tarumbeta kutoka gari la kushoto na hip hop kutoka la kulia. Kijana mmoja alikuwa anapita kati ya magari na ndoo ya barafu, anauza maji na kushangilia kwa bei ile ile. Polisi wa barabarani alikuwa ananyoosha vidole vitatu kwa kila gari lililompita. Shemeji aliipiga honi mpaka nikamwambia betri ya watu hiyo. Kwa muda mrefu tulisogea hatua kumi, tukasimama, tukasogea.

Simu ikalia. Mdogo wangu, ametoka zamu.

"Mko wapi?"

"Ndio tunatoka," shemeji akasema.

"Mnatoka wapi? Nimeshaona kwenye taarifa. Mwenzenu keshapokea tuzo, keshahojiwa, sasa hivi yuko kwake na mbwa wake. Nyinyi mpo wapi?"

"Getini."

"Geti la nyumbani?"

Shemeji akanitazama, nami nikatazama dirishani.

"La uwanja," akasema, akapiga honi.